Picha Zilipohama Standard Street

Katika miaka ya 1980, karani wa Nairobi mwenye saa moja ya chakula cha mchana aliweza kuona sehemu kubwa ya michoro iliyokuwa ikiuzwa jijini bila kupanda gari. Angeanzia African Heritage, duka na ukumbi wa sanaa ulioanzishwa na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, pamoja na Mmarekani Alan Donovan. Kutoka hapo angekata mitaa miwili mitatu hadi Gallery Watatu, Standard Street. Akibakiwa na dakika, angepitia Kituo cha Utamaduni cha Ufaransa au Taasisi ya Goethe, ambako hakukukosekana kitu ukutani, na kuingia ni bure. Chakula angekikosa, lakini makarani wengi tulikuwa tukikikosa hata hivyo, hasa mwezi ukishapita katikati.

Mimi nilikuwa karani wa bima, nimetoka Voi na cheti changu ndani ya bahasha. Kwetu ukutani palikuwa na picha ya Rais, kalenda ya duka, na picha ya babu aliyopigwa studio Mombasa, amesimama wima kama anayesubiri kusomewa hukumu. Kwamba mtu mzima mwenye akili timamu hutoa pesa akanunua ng'ombe wa kuchorwa, hilo sikulijua. Siku ya kwanza niliposimama mlangoni pa Watatu, askari alinitazama viatu, akanitazama tai, akasema, "Karani, unaingia au unapita?" Nikaingia.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa Jak Katarikawe. Huyu alikuwa Mganda wa upande wa Kabale, aliyewahi kuwa dereva, akajifunza kuchora bila kukaa darasani. Sisi wa Taita tunamjua ng'ombe: ana kupe, ana bei, ana ugomvi wa mirathi nyuma yake. Ng'ombe wa Katarikawe hakuwa na hayo. Alikuwa wa rangi inayokaribia zambarau, kingo zake zimefifia zikaingia katika rangi ya nyuma yake, na jicho lake lilikuwa jicho la mtu aliyeambiwa habari njema akakatazwa kuisema. Nilisimama pale mpaka nikasikia kengele ya kanisa, nikakumbuka ofisi. Kando ya picha palikuwa na namba tu. Bei ilikuwa kwenye karatasi mezani, imepigwa taipu, nakala ya kaboni iliyofifia. Nilipoitafuta namba ile nikaona kwamba ng'ombe wa ukutani alikuwa ghali kuliko ng'ombe wa Mwatate anayetoa maziwa.

Ilinichukua muda kuelewa vidoti vyekundu. Vilibandikwa kwenye pembe ya kibao cha namba, na maana yake ni kwamba picha imeuzwa. Nilianza kuwatazama wanaovisababisha. Walikuwa watu wa balozi, watu wa Umoja wa Mataifa kutoka Gigiri, na watalii wenye siku moja ya kukaa mjini kabla ya ndege. Sisi wenyeji tuliingia kwa wingi kuliko ninavyosikia watu wakisimulia siku hizi, lakini tulitembea mikono nyuma, kama tulivyofundishwa shuleni kutogusa. Picha ya Mkenya ilichorwa Ngecha au Banana Hill, ikaja mjini kwa matatu, ikakaa Standard Street wiki kadhaa, kisha ikapanda ndege. Ukuta wa Nairobi ulikuwa kituo chake cha njiani tu.

Gallery Watatu lilikuwa limeanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na wachoraji watatu, Robin Anderson, Yony Waite na David Hart. Katikati ya miaka ya 1980 likachukuliwa na Ruth Schaffner, mama aliyekuwa amefanya biashara hiyo California. Kwa miaka kama kumi, mpaka alipofariki mwaka 1996, yeye ndiye aliyeamua kwa kiasi kikubwa ni nani aitwe mchoraji mjini hapa. Aliwapenda waliojifunza wenyewe: Katarikawe, Sane Wadu, Joel Oswaggo, Meek Gichugu. Wasanii walikuja na turubai zimekunjwa kwapani, nyingine bado zina harufu ya rangi, na aliyebahatika alitoka na pesa mkononi siku hiyohiyo. Waliosomea sanaa chuoni walilalamika kwamba mama huyo anataka Mwafrika asiye na shule kwa sababu ndiye anayeuzika Ulaya. Nimeyasikia malalamiko hayo kwenye ngazi, kwenye baa, na hata kwenye mazishi. Yalikuwa na haki. Lakini ni haki pia kusema kwamba wenye shule na wenye benki hawakuwa wakimnunulia Sane Wadu kitu.

Sane Wadu alikuwa mwalimu akaiacha chaki ili achore. Wakati ule, kuiacha serikali inayokulipa kila mwezi ili upake rangi hakukuwa na jina jingine ila wazimu, naye akajipa jina la kuwajibu waliomwita kichaa. Alichora hata nguo alizovaa. Picha zake za mwanzo ziliniudhi. Rangi ilikuwa nzito, ya haraka, watu na wanyama wamebanana hadi huoni pa kupumulia. Kwa nini nilizirudia basi? Kwa sababu ndizo pekee zilizofanana na matatu ya saa kumi na mbili jioni.

Picha yangu ya kwanza sikuinunua Standard Street. Niliinunua Ngecha, kijiji cha upande wa Limuru ambako wachoraji walikuwa wengi kiasi kwamba ukiuliza njia unaelekezwa kwa nyumba ya mmoja hadi ya mwingine. Kijana mmoja alikuwa amechora wanawake wakichuma majani ya chai kwenye ukungu, kwenye kipande cha hadibodi, kwa kuwa turubai hakuiweza. Tukakubaliana nilipe kidogokidogo, na kila mwisho wa mwezi akawa anakuja ofisini kwetu kuchukua chake, anaketi benchi la wateja wa bima hadi nitoke. Mkubwa wangu akadhani namdai. Mke wangu alipoiona picha, aliuliza swali moja: "Na hawa wanatulipa nini?" Lakini ndiye aliyechagua ukuta wa kuitundikia.

Huyo kijana ndiye aliyenifungua macho kuhusu upande wa pili wa ile karatasi ya bei. Aliniambia kwamba jumba la sanaa hukata fungu nono kabla mchoraji hajaona senti, na kwamba fremu mara nyingi ni juu ya mchoraji. Hapo nikaelewa kwa nini michoro mingi ya enzi zile ilikuwa na fremu za mbao za kreti zilizopigwa vanishi. Ukizitazama leo kwenye mnada watu huzisifu kwamba zina utu. Zilikuwa na umaskini.

Mwaka 1995 Kuona Trust ilianza katika Makumbusho ya Taifa, na kwa mara ya kwanza niliona wachoraji kazini badala ya kazi zao tu. Vijana walichanganya rangi kwenye vifuniko vya mikebe, wakikopeshana brashi, wakibishana. Mwaka 2003 ukafunguliwa GoDown Arts Centre kwenye maghala ya zamani ya Dunga Road, Industrial Area, na Kuona ikahamia huko. Kutoka mjini ungeweza kufika kwa miguu ukiwa na moyo. Jumamosi moja ungekuta wacheza dansi chumba hiki, wachoraji chumba kile, na mama wa chapati langoni anayejua nani kauza na nani anadaiwa. Kama nikiambiwa nichague mahali pamoja pa kurudi katika historia nzima ya sanaa ya jiji hili, nitakwenda hapo, na nitaanzia kwa yule mama.

Lakini mji wa kati ulikuwa unaondokewa. Bomu la ubalozi wa Marekani, Agosti 1998, lilikuwa limewatia watu hofu, wizi ulikuwa umezidi, kodi za nyumba zilipanda, na ofisi zenye pesa zilihamia Upper Hill na Westlands. Mnunuzi wa picha hakutaka tena kuegesha gari Standard Street. Jumba la sanaa hufuata gari la mnunuzi. African Heritage likafungwa. Gallery Watatu lenyewe likajikokota hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, likazima. RaMoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa yaliyoanzia Upper Hill kwa matumaini makubwa, hayakudumu. Jumba la One Off likawa Rosslyn, la Circle likakaa Lavington, Kuona ikahamia Kilimani. Paa ya Paa ya Elimo Njau ilikuwa imetangulia zamani: ilizaliwa mwaka 1965 mjini, ikahamia Ridgeways, na mwaka 1997 moto ukateketeza kazi nyingi ambazo hakuna mnada utakaozirudisha.

Katika kipindi hichohicho, na hili nalisema kwa furaha, mnunuzi alibadilika. Mwaka 2013 Circle iliendesha mnada wake wa kwanza wa sanaa ya Afrika Mashariki. Tangu hapo majina yanayotajwa kwenye minada na siku za ufunguzi si ya wageni peke yao: kuna mawakili, watu wa benki, madaktari, kina dada wa miaka thelathini na kitu walionunua picha kabla ya kununua gari. Nilimwona mama mmoja wa makamo akishindana bei na Mzungu juu ya picha ya Katarikawe, akipandisha kibao chake bila hata kutazama upande wa pili, mpaka yule akaweka chake chini. Ukumbi ukapiga makofi. Ng'ombe akabaki nyumbani.

Hata hasira zetu zimekomaa. Mwaka 2015, ilipojulikana kwamba banda la Kenya katika maonyesho ya Venice limejazwa wasanii wengi wa China, kama ilivyokuwa imefanyika mwaka 2013 kwa Wachina na Waitaliano, wachoraji walipiga kelele mpaka serikali ikajitenga na banda lile. Michael Soi akachora mfululizo mzima wa picha za aibu hiyo. Mwaka 2017 wakaenda Wakenya wenyewe. Katika miaka ya Standard Street jambo kama hilo lingepita, na ni wachache wangejua.

Kisha akaja Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1984, anayechora kwenye lubugo, gome la mti linalopondwa Uganda hadi likawa kitambaa. Gome hilo lina matundu na mishono, naye haifichi. Uso wa mtu unaweza kupasuliwa na tundu na ukabaki uso. Mwaka 2019 picha yake moja iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Wengine wangenunua nyumba London wakanyamaza. Yeye alianzisha hapa Nairobi Contemporary Art Institute, na ilipofungua ukumbi wake Rosslyn Riviera mwaka 2022, maonyesho ya kwanza yalikuwa ya Sane Wadu.

Binti yangu alinipeleka. Zile picha zilizoniudhi nikiwa kijana zilikuwa zimetundikwa kwenye kuta nyeupe, kila moja na nafasi yake, na maelezo pembeni yenye mwaka na aina ya rangi. Hakukuwa na karatasi ya bei, kwa kuwa hazikuuzwa. Nilipata pa kupumulia. Nilijikuta naona vitu ambavyo Standard Street, kwa msongamano wake na pupa ya kuuza, haikuwahi kunionyesha: jinsi anavyoacha mkono wa mtu mmoja uendelee kuwa mgongo wa mnyama, jinsi bluu yake inavyorudi picha hadi picha. Miongo kadhaa tulikuwa tukitazama kazi ya mtu huyu vipandevipande, kila kipande kikiwa njiani kwenda kwa mwenyewe. Kuiona pamoja ilikuwa haki yake, na yetu.

Ila nilihesabu watu waliokuja kwa miguu nikakosa hata mmoja. Mwaka uliofuata nilikwenda peke yangu kwenye jumba jingine, nisilolitaja, nikashuka matatu barabara kuu na kupanda kilima kwa miguu. Kijana wa langoni akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Mzee, gari umeliacha wapi?" Nilipomwambia sina, akapiga simu ndani kuuliza kama naruhusiwa. Niliruhusiwa, na nikaletewa maji. Hawakuwa watu wabaya. Ni kwamba jumba lile lilijengwa kwa mtu anayekuja akijua anachokuja kuona, tena mara nyingi akiwa ameshaona picha kwenye simu na kuilipia kabla ya ufunguzi. Mtu anayepita tu na kuingia kwa kuwa mlango uko wazi hawamjui, na hawajui kwamba wanamhitaji. Yule mama wa mnadani sitashangaa nikiambiwa alianza kwa kuingia mahali kama Watatu mjini akiwa na saa moja ya chakula cha mchana.

Kwa wenye majumba ya sanaa nina ombi dogo. Kodisheni hata chumba kimoja mjini, karibu na steji, mtundike picha kumi na muache mlango wazi. Kwa msomaji nasema hivi: usisubiri. Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, kwenye jengo la zamani la benki, na ghorofa ya chini imejaa mkusanyo wa Murumbi, ambao serikali iliununua kwa niaba yako. Matatu za Eastlands haziko mbali na mlango huo, na hakuna atakayekuuliza gari.