Kibali cha Maneno 200

Kutaka idhini ni adabu iliyozitangulia sheria zote za hakimiliki. Mtu haingii nyumba ya mwenziwe bila ya kupiga hodi. Mashine za akili mnemba, zilizojua kutunga kwa kusomeshwa maandishi ya watu, zimeingia majumba mengi pasi na hodi. Ndiyo maana Novemba 2024, ilipojulikana kwamba kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins inawauliza waandishi wake kwanza, wako walioona afadhali. Mwandishi aliyeridhia angepata dola 2,500 kwa kitabu, na mchapishaji kiasi hicho hicho, kwa muda wa miaka 3. Asiyeridhia, kitabu chake kingeachwa.

Kuulizwa huko si jambo dogo. Mkataba wa zamani wa diwani ulitiwa saini ili kitabu kichapwe na kiuzwe. Kukifanya chuo cha mashine hakukumpitikia yeyote.

Lakini ndani ya makubaliano hayo mna sharti linalomhusu mshairi kuliko wote. Kama ilivyoeleza Authors Guild, jumuiya ya waandishi wa Marekani, mashine haikuruhusiwa kutoa maneno ya kitabu mfululizo zaidi ya 200, au asilimia 5 ya kitabu. Kwa mwandishi wa riwaya, maneno 200 ni aya moja au mbili tu, na msomaji hajajua kisa kinaelekea wapi. Kwa mshairi mambo ni mengine. Mshororo wa mizani 16 una maneno sita au saba. Ubeti wa mishororo minne haufiki maneno 30. Ndani ya maneno 200 huenea beti saba, pamoja na vina vyake na kituo chake. Kinga ya nathari yamwacha mshairi uchi.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, hana tena wa kuombwa idhini kwa niaba yake. Hata hivyo, waliozihifadhi tungo zake, na Mwalimu Sikujua aliyemsaidia W. E. Taylor kuzikusanya, hawakuliacha jina lake njiani. Hiyo ni haki isiyokoma kwa miaka.

Basi mshairi aliye hai akiletewa karatasi ya kibali, na atazame kwanza kama inahesabu kwa beti au kwa maneno, na kama jina lake limo. Visipokuwamo, "la" nayo ni jawabu.