Wenzo Ulio Katika Kiwiko

Sisi tufundishao Kiswahili huku Mvara, Arua, tumezoea kuambiwa kwamba lugha hii ni ya askari na ya sokoni, wala haifai kufundishia sayansi. Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili ya Uganda mwaka 2005, lakini dhana hiyo haijafutika. Jibu letu tumelipata mikononi mwa watoto.

Vipande viwili vya mwanzi, msumari, uzi na ukanda uliokatwa katika tyubu ya baiskeli vyatosha kuunda mkono. Msumari ni kiwiko, yaani egemeo. Ukanda ni msuli. Uzi ni kano. Mwanzi wa mbele ni wenzo. Ukanda ukifungwa karibu na kiwiko, hutanuka tu, jiwe lisiinuke. Ukisogezwa mbele, jiwe lile lile huinuka.

Mbona basi msuli wetu umeshikizwa karibu? Kwa mtu mzima ni kiasi cha sentimita 4 kutoka kiwiko, na kiganja ki umbali wa sentimita 32 hivi. Kilo 1 kiganjani humlazimu msuli kuvuta kama kilo 8. Lakini msuli ukijikunja kidogo, kiganja husafiri mbali na upesi. Kipotezwacho katika nguvu hupatikana katika mwendo.

Mtoto abebaye maji kila asubuhi hutambua kwamba sayansi alikuwa nayo mkononi. Alikosa maneno tu. Maneno hayo Kiswahili kinayo. Walimu wenzetu, tuwape.