Kijiti cha Fundi katika Njia za Kitui na Makueni

Msafiri atokaye Machakos kwenda Kitui hupita Wamunyu, makao ya wachongaji wa vinyago wenye sifa tangu siku za Mutisya Munge. Kutoka mji wa Kitui barabara nyingine huelekea kusini, hupita Mutomo na Ikutha, huvuka mto Athi, kisha huungana na njia kuu ya Nairobi na Mombasa huko Kibwezi, katika Makueni. Barabara hiyo sasa ni ya lami, lakini wakulima wengi hawakai kando ya lami. Motokaa iendayo kuchukua mazao yao haina budi kuvuka mito ya mchanga, kama Tiva na Thua, ambayo haina maji sehemu kubwa ya mwaka, au kupanda milima ya Mbooni na Kilungu. Hapo ndipo klachi huumia.

Klachi ndiyo iunganishayo injini na giaboksi. Dereva akikwama mchangani, akaikanyaga nusunusu huku injini ikivuma, pleti yake husuguka na kuungua, mwisho injini hunguruma na gari lisiende. Ikiwa ni majira ya maembe, na lori limejaa, hasara si ya mwenye gari peke yake. Embe lililoiva halimngoji fundi.

Pleti mpya huweza kununuliwa mjini, lakini kile kifaa maalum cha kuiweka katikati hakimo katika kila gereji ya jua kali. Basi yafaa kujua kazi ya kifaa hicho. Pleti huwekwa juu ya gurudumu zito la injini, na kifuniko chenye springi huibana kwa bolti. Bolti zikiisha kukazwa, pleti haisogei tena. Ikiwa imekaa upande hata kidogo, shafti ya giaboksi haitapita katika tundu lake na kuifikia beringi ndogo iliyo mwishoni mwa injini. Kazi ya kifaa ni kuishika pleti katikati hata bolti zikazwe. Hapana siri nyingine.

Kwa hiyo fundi mwenye fikira huchukua kijiti kikavu cha mti mgumu, akakichonga kwa uangalifu kama mchongaji wa Wamunyu. Ncha yake huipunguza hata iingie sawasawa katika beringi. Sehemu ifuatayo huiacha nene, akaizungushia utepe hata ijae tundu la pleti bila kulegea. Mwenye shafti kuukuu ya gari la namna ile ile hana haja ya kuchonga. Na katika gari lisilo na beringi hiyo, hupimwa ukingo wa pleti, uwe na nafasi sawa pande zote.

Kisha bolti hukazwa kidogo kidogo, moja na ile inayoielekea, wala si kwa kufuata mzunguko. Kijiti kitolewe na kurudishwa: kikipita bila kusukumwa kwa nguvu, pleti imekaa. Kabla ya hayo fundi ahakikishe kwamba pleti haikugeuzwa, wala haikuguswa na mafuta, maana pleti yenye mafuta huteleza.

Giaboksi inaporudishwa, isiachwe ining'inie juu ya shafti yake, wala isivutwe kwa kukaza bolti. Ikikataa kuingia, kuna kosa. Na atumiaye nguvu hupinda pleti aliyoinunua kwa fedha nyingi.

Liko jambo moja ambalo kijiti hakiwezi kulitengeneza. Motokaa iliyoinuliwa kwa jeki peke yake huweza kuanguka, na fundi yu chini yake. Hapana budi kuitegemeza kwa stendi imara na kuzuia magurudumu yake kwa mawe, hata kama wenye mzigo wanapiga kelele. Tena vumbi la pleti kuukuu lisipulizwe kwa kinywa, maana pleti nyingi za zamani zilikuwa na asbestosi, ambayo hudhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Wazee walisema akili ni mali. Katika njia za Kitui na Makueni, mbali na maduka makubwa, mali hiyo huweza kuchongwa kwa kisu. Lakini subira haichongwi wala haiazimwi. Kila fundi huja na yake.