Kosa la Mfasiri na Mayai ya Mama

Wahenga walinena kuwa kuku havunji yai lake. Nakiri, ndugu msomaji, kwamba mayai ya mama yangu niliyaharibu mimi, tena kwa kalamu.

Nyumbani kwetu ni Kinangop, Nyandarua, takriban meta 2,500 juu ya usawa wa bahari. Mama aliuza mtamba wake wa pekee akanunua mashine ya kuangulia vifaranga, akitumaini kwamba biashara hiyo ingenilipia karo ya uzamili. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza. "Mwanangu," aliniambia, "wewe ndiwe msomi wa lugha. Nisomee hiki." Nilikifasiri kwa dakika chache. Palipotajwa kiasi cha unyevu hewani, yaani asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, kisha 65 hadi 70 mpaka siku ya 21, niliandika tu: "Hakikisha maji hayapungui."

Mama alitii. Kila jioni alilijaza kopo la maji pomoni. Siku ya 21 ilipowadia, kati ya mayai 96, ni vifaranga 29 pekee walioanguliwa. Tulipoyapasua yaliyosalia, mengi yalikuwa na vifaranga waliokamilika manyoya na midomo, ila utando ulikuwa umekauka na kuwabana kama ngozi iliyowambwa ngomani. Mama hakunilaumu. Aliuliza tu, "Yamekaukaje na ukungu huu wote ulioko nje?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Nilipozama katika vitabu vya sayansi, nilielewa. Hewa baridi hubeba mvuke mchache. Hewa ya nyuzi 10, hata ikijaa ukungu, ikipashwa moto hadi nyuzi 37.5 za mashine, unyevu wake hushuka hadi takriban asilimia 20. Isitoshe, kanieneo ya hewa katika mwinuko wetu ni kama robo tatu tu ya ile ya pwani. Kwa hivyo mvuke hupenya vinyweleo vya ganda kwa kasi iliyozidi kwa karibu theluthi moja. Yai hupaswa kupoteza asilimia 12 hadi 14 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Likipoteza zaidi ya hapo, kifaranga hukwama. Tena, wingi wa mvuke hautegemei kina cha maji bali upana wa uso wake. Kopo refu la mama lilikuwa kazi bure.

Likizo iliyofuata tulianza upya. Niliandika tafsiri nyingine: sinia mbili pana badala ya kopo, kitambaa cha pamba kilichochovya ncha majini, kipimaunyevu kando ya mayai, matundu ya hewa yasizibwe, maana oksijeni huku ni haba, mayai kumi yapimwe kwa mizani kila wiki. Yai la gramu 60 lilitakiwa libaki na gramu 52 hivi siku ya 18. Mama, ambaye hakuvuka darasa la nne, alijaza jedwali la uzito kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kujaza daftari langu la utafiti. Safari hii walianguliwa vifaranga 71.

Hata hivyo, karo haikutimia kwa wakati, nami nikaahirisha masomo kwa muhula mmoja.

Wenzangu wa chama hiki, tumezoea kulalama kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Siku ile sikukosa istilahi. Neno unyevu nilikuwa nalo. Nilichokosa ni kulijua jambo lenyewe, na nikaona haya kuuliza. Asiyejua maana haambiwi maana. Sentensi yangu haikuwa na kosa la sarufi hata moja, lakini aliyeitegemea alipoteza mali. Basi tunapoombwa kufasiri maelekezo ya dawa, ya mbegu au ya mashine, kwanza tukiendee kitu chenyewe, tukione kinavyofanya kazi, ndipo tushike kalamu.