Siku Sadaka Yetu Ilipokataliwa



Wapendwa Taifa la Mungu, wengi wenu mnakumbuka kikapu kile cha Kwaresima ya mwaka 2025. Februari mwaka ule mji wa Bukavu ulikuwa umetekwa na waasi wa M23, na habari za Kivu zilikuwa zikitufikia kila jioni redioni. Katika homilia ya Dominika ya pili niliwasimulia habari za rafiki yangu aishiye Baraka, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, ambaye watu wenye silaha walikuwa wamemnyang'anya injini ya mtumbwi wake. Mlitoa kwa moyo. Wengine mlileta noti, wengine debe la alizeti lililouzwa papo hapo nje ya kanisa. Zilipatikana shilingi 640,000.

Wengi mnajua kwamba fedha hizo hazikufika Baraka. Kwa nini hazikufika, sijapata kuwaeleza kikamilifu. Leo nataka kuwaeleza, maana habari hii imenifundisha juu ya sadaka jambo ambalo miaka yangu ya seminari haikunifundisha.

Rafiki huyu nilimfahamu mwaka 2005. Nilikuwa frateri, nikasoma Kipalapala, na wakati wa likizo nikapelekwa kwa majuma sita katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia vita vya Kongo. Yeye alikuwa mkimbizi, mwalimu na katekista. Katika juma la pili malaria ilinilaza. Alinichukua nyumbani kwake, nyumba ya udongo yenye chumba kimoja na ukumbi, akanilaza kwenye kitanda chake, naye akalala chini pamoja na wanawe. Uji niliokunywa siku zile ulitoka katika unga wa mgawo wake, unga uliopimwa kwa idadi ya watu wa kaya yake. Mimi sikuwamo katika idadi hiyo. Nilikunywa, nikapona, nikashukuru. Mwaka uliofuata alipanda meli Kigoma pamoja na familia yake, akarudi kwao.

Basi, ndugu zangu, mnaweza kuelewa furaha niliyokuwa nayo nilipompigia simu jioni ile. Nilidhani nampelekea habari njema. Nilimtajia kiasi, nikamwambia kwamba mfanyabiashara mmoja wa Kigoma atamfikishia. Kukawa kimya. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya ziwa: "Padiri, utanisamehe. Usitume."

Nilidhani anaona haya, nikasisitiza. Nikamkumbusha kwamba binti yake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo ya sekondari. Hapo sauti yake ikabadilika. Akaniuliza: "Nani alikuambia nahitaji kuchangiwa? Nilikupa habari kwa sababu u mdogo wangu. Umekwenda kuisema kanisani?" Nikanyamaza. Akaendelea taratibu: "Miaka tisa jina langu lilikuwa kwenye orodha. Watoto wangu waliniona nikisimama kwenye foleni na kadi mkononi. Nilipopanda meli niliapa kwamba hawataniona tena hivyo." Na mwisho akasema neno ambalo halijanitoka mpaka leo: "Ule uji wa Nyarugusu haukuwa mkopo. Ukinilipa leo, utaufanya deni."

Nitakiri mbele yenu: sikuguswa, nilikasirika. Niliona ameniaibisha mbele ya waumini wangu. Nilijiuliza, nitasimamaje altareni kuwaambia kwamba maskini amekataa sadaka yetu? Nililala na kinyongo hicho siku nne.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa parokia hii, mkulima asiyesema sana. Nilipomsimulia, aliuliza maneno mawili tu: "Baba, ulimwuliza?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeuliza kiasi gani kitapatikana, nimeuliza njia ya kutuma, nimeuliza gharama. Yeye mwenyewe sikumwuliza.

Baadaye nilirudi katika Maandiko, nikaona kwamba jambo hili si geni. Mtume Paulo alifanya kazi ya kushona mahema ili asiwalemee Wakorinto, akakataa kupokea kitu kutoka kwao. Lakini msaada wa Wafilipi aliupokea kwa furaha. Mtu yule yule, mahitaji yale yale. Kwa Wakorinto palikuwa na watu ambao wangeugeuza msaada wao kuwa neno la kumtawala, na Wafilipi walikuwa wenzake katika kazi. Kumbe mpokeaji naye huupima mkono unaotoa.

Nchi yetu nayo iliwahi kusimama hapo. Mwaka 1965 serikali ya Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliiruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ubalozi mdogo hapa. Mwalimu Nyerere hakubembeleza. Aliikataa hata misaada mingine ya serikali hiyo. Desemba mwaka huo huo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni saba na nusu ukapotea. Tulikuwa nchi maskini sana wakati ule. Wazee wetu waliuhisi upungufu huo, lakini wengi wao husimulia habari ile wakiwa wima. Tunamheshimu Mwalimu, ambaye Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, kwa kukataa kule. Mbona mwalimu wa shule wa Baraka alipofanya vivyo hivyo nilimwita mwenye kiburi?

Hata hivyo sitaki kuwadanganya kwamba kila kukataa ni fadhila. Petro naye alikataa kuoshwa miguu, na Bwana alimkemea. Na binti yule alikaa nyumbani muhula mzima. Heshima ya baba ilikuwa na gharama, na sehemu ya gharama hiyo aliilipa mtoto. Nimeliombea jambo hili mara nyingi, na bado siwezi kuwaambia kama rafiki yangu alifanya sawa. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba mimi sikufanya sawa. Nilimnyima nafasi ya kukubali kwa uhuru. Baada ya kutangazwa kanisani, alibakiwa na njia mbili tu: kupokea kwa aibu au kukataa kwa hasara.

Fedha zile, kama mnavyojua, Halmashauri ya Walei iliamua zilipie matibabu ya wagonjwa wawili wa jumuiya zetu. Safari hii walitumwa kina mama wawili kwenda kuwauliza kwanza, jioni, bila kutangaza.

Mwezi wa Septemba lilifika gunia la dagaa, likiletwa na mfanyabiashara yule yule wa Kigoma. Lilitoka Baraka. Hapakuwa na barua, ila jina langu tu kwa wino wa bluu. Wazo langu la kwanza, nawaambia kweli, lilikuwa kutuma bei yake. Nilikuwa nimekwisha kushika simu. Kisha nikaiweka mezani, nikamwomba mpishi akaange. Tulikula dagaa wale majuma matatu, na wale wazee waliofika parokiani siku zile walikula pamoja nasi.

Nilimpigia kumshukuru. Hakuzungumzia injini wala karo. Aliniuliza kama mvua imekwisha kuanza Singida.

Ndugu zangu, juma hili kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja aliyemsaidia, akajiulize: nilimwuliza kabla ya kumpa? Na swali la pili ni gumu zaidi: kutoka kwa mtu huyo, mimi nimewahi kupokea nini?

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.

Paroko wenu