Jalada Lisilo na Kanuni

Watu wengi usharikani wakisikia kwamba nafanya kazi chuo kikuu huniita mwalimu. Sijawahi kufundisha hata kipindi kimoja. Mimi ni karani katika ofisi inayoshughulikia maombi ya masomo ya uzamili, yaani shahada ya pili na ya tatu. Nilianza mwaka 2004, siku ambazo maombi yalikuja kwa posta katika bahasha za kaki, na masijala yetu ilinukia gundi na vumbi. Leo mwombaji anajaza fomu kwa simu akiwa Songea au Bukoba, analipa ada ya maombi kwa namba ya malipo, na mimi naliona jina lake kwenye kompyuta. Lakini kazi yenyewe ni ile ile: kuhakikisha kila jalada limetimia kabla halijafika kwa wenye kuamua.

Mchungaji aliponiomba niandike juu ya imani na kazi, nilimwambia kazi yangu haina habari ya kusimulia. Daktari anaponya, mkulima anavuna, karani anagonga muhuri. Akanijibu, "Basi, andika juu ya muhuri." Ndiyo haya.

Jalada la mwombaji lina vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha shahada pamoja na matokeo ya kila somo, cheti cha kuzaliwa, barua za watu wanaomfahamu kitaaluma, na kwa wa shahada ya tatu, andiko fupi la utafiti anaotaka kuufanya. Nikiisha kulikagua, linakwenda idarani, kisha kwenye kamati. Aliyesoma nje ya nchi, shahada yake lazima kwanza itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu. Mimi siamui lolote. Ninaandaa orodha, ninaandika barua, ninafuatilia.

Tatizo la kila msimu ni majina. Cheti cha kidato cha nne kina jina la nyumbani, cheti cha shahada kina jina la ubatizo, na katikati binti ameolewa akachukua jina la mume. Kwa macho ya ofisi hao ni watu watatu. Dawa yake ni hati ya kiapo, na wengi hawajui, wanasubiri jibu mpaka dirisha linafungwa. Kwa hiyo nimejizoeza kupiga simu. "Dada, vyeti vyako havisemi jina moja. Nenda kwa wakili uape, uniletee kabla ya Ijumaa." Nikiweka simu chini huwa namkumbuka Mchungaji Mwema, ambaye huwaita kondoo wake kwa majina na hamdai hata mmoja wao hati ya kiapo. Lakini sisi si yeye. Sisi tunahitaji karatasi, na mwenye upendo kidogo atamwambia mwenzake ni karatasi ipi.

Mnadhani nitasema jaribu kubwa la kazi hii ni rushwa. Ipo. Mtu huacha bahasha mezani akisema ni ya chai. Lakini bahasha ina sura ya bahasha, mtu anaijua anapoiona. Torati, katika Kutoka sura ya 23, inakataza rushwa kama tunavyotarajia. Aya chache kabla ya hapo kuna katazo lingine ambalo nililipita miaka mingi bila kuliona: mtu asimpendelee hata maskini katika shauri lake. Niliposoma hilo kwa mara ya kwanza nikiwa macho, nilifunga Biblia. Nilitaka Mungu anipe ruhusa ya kuwa na huruma kwa nitakayemchagua mimi.

Katika jumuiya yetu kuna mama mmoja, mtu mzima wa kuheshimiwa. Nilipofiwa na mume wangu alilala kwenye mkeka sebuleni kwangu siku saba. Yeye ndiye aliyenivisha khanga asubuhi ya mazishi, maana mikono yangu ilikuwa haishiki kitu. Miaka kadhaa baadaye alikuja kwangu usiku, baada ya ibada ya jumuiya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya mdogo wako."

Kijana wake alikuwa ameomba shahada ya pili kwetu. Wastani wake ulikuwa 2.6. Katika vyuo vyetu vinavyopima kwa alama 5, daraja la pili la chini linaanzia 2.7, na kwa shahada ya pili hapo ndipo mlango ulipo.

"Ni kialama kimoja tu, mwanangu. Na wewe ndiye uliye pale."

Nikamwambia, "Mama, mimi siamui. Na hata ningekuwa naamua, hili nisingeliweza."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Angekuwa mwanao wa kumzaa, ungeliweza."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kitu ambacho yeye hakukijua, nami sikumwambia, ni kwamba njia ilikuwapo. Katika orodha ninayoiandaa kwa ajili ya kamati, kila mwombaji ana mstari mmoja, na mistari ni mamia. Kuandika 7 mahali pa 6 ni kugusa kitufe kimoja. Pengine lingegundulika mbele, pengine lisingegundulika. Nililala nikiwa nimejua hivyo, na usiku ule niliomba kwa maneno machache sana, kwa sababu niliogopa nikiomba kwa maneno mengi nitaanza kumshawishi Mungu.

Asubuhi ofisini nilifungua orodha. Msimu ule, mbali na kijana wetu, kulikuwa na waombaji wengine wanne wenye 2.6. Niliyasoma majina yao polepole. Mmoja alikuwa mwalimu wa sekondari huko Tunduru. Hawa wanne hawakuwa na mama wa kuja kwangu usiku. Hakuna aliyelala kwenye mkeka wangu kwa niaba yao. Hapo ndipo katazo lile la Kutoka liliponifungukia. Huruma yangu kwa mmoja, nikiipitisha mlango wa nyuma, ingekuwa ukatili kwa wanne ambao hata sura zao sizijui. Mungu anawajua wote watano.

Niliandika 2.6. Jioni nilichapisha kurasa za kanuni zinazohusu stashahada ya uzamili, maana kwetu huo ndio mlango ulioachwa wazi kwa mwenye shahada ya daraja la kupita: asome stashahada, afaulu vizuri, ndipo aombe shahada ya pili. Nikampelekea mama nyumbani, nikaeleza. Aliipokea ile karatasi, akaikunja, akaiweka chini ya kitambaa cha meza. Hakunikaribisha chai. Wale wanne nao niliwaandikia barua nikawaeleza njia ile ile.

Kwa karibu mwaka mzima mama yule hakukaa upande wangu kanisani. Zamu ya jumuiya ilipofika kwangu, alituma salamu kwamba anaumwa miguu. Nimesikia watu wakihubiri kwamba ukitenda haki utabarikiwa. Ninaamini hivyo. Lakini wanaohubiri hivyo waongeze kwamba baraka yaweza kuchelewa, na kabla haijafika utakula wali wa msiba wa mwenzako ukiwa umekaa peke yako pembeni. Niliyekuwa nimemkosea ni nani? Hakuna. Na bado nilijisikia kama mwizi kila nilipomwona.

Katika miezi ile nilisoma tena habari ya mabinti wa Selofehadi, Hesabu sura ya 27. Baba yao alifia jangwani bila mtoto wa kiume, na kwa desturi ya urithi jina lake lilikuwa linapotea. Wale dada watano, na majina yao yote matano yameandikwa, walisimama mlangoni pa hema mbele ya Musa na kuhani Eleazari na wakuu wote, wakaomba sehemu. Musa alikuwa na sheria mkononi, na sheria haikuwa na kifungu cha mabinti. Mimi namtazama Musa kama karani ninavyoweza kumtazama. Angeweza kusema, "Haipo kwenye kanuni, nendeni." Angeweza pia kuwaonea huruma akawagawia ardhi kwa siri. Hakufanya hili wala lile. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akasema mabinti wamenena sawa.

Hapo nilipata picha ya kazi yangu ambayo sikuwahi kupewa katika semina yoyote ya ofisi. Kwa jambo ambalo kanuni imelitaja wazi, karani hana ruhusa ya kulipinda, hata kwa machozi. Kwa jambo ambalo kanuni haikuliwaza, karani hana ruhusa ya kulitupa. Kazi yake ni kulipandisha juu.

Haukupita muda nikajaribiwa kwa upande huo wa pili. Lilikuja ombi la mtu aliyetoka mashariki ya Kongo, akiishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Alikuwa na nakala tu za vyeti vyake, zenye mikunjo, za Kifaransa. Vyeti halisi vilipotea alipokimbia. Matokeo yake yalikuwa kwa asilimia, si kwa alama zetu 5, na masomo yake yalikuwa ya mfumo wa zamani wa kwao: miaka mitatu ya ngazi ya kwanza, kisha miwili ya juu yake. Fomu yetu haikuwa na mahali pa kumweka. Mwenzangu wa meza ya pili aliniambia kwa nia njema kabisa, "Dada, hilo andika halijatimia, lifunge." Na kwa herufi ya kanuni alikuwa sahihi, maana halikuwa limetimia.

Sikulifunga, wala sikulipitisha. Niliandika dokezo kwa mkuu wetu, ukurasa mmoja. Nilieleza kilichopo, kilichokosekana, na sababu ya kukosekana. Nikaomba tuandikie chuo alichosoma kuuliza kama jina lake limo katika kumbukumbu zao, na aelekezwe jinsi ya kupata tafsiri na utambuzi wa Tume. Mkuu aliandika pembeni mwa dokezo neno moja: "Endelea." Basi nikaendelea. Barua ya kwanza haikujibiwa, wala ya pili. Kila Jumatatu nililitoa jalada lile, nikaliangalia, nikalirudisha. Wale mabinti wa Selofehadi pia walikubaliwa enzi za Musa, lakini ukisoma Yoshua sura ya 17 utawakuta wamesimama tena, safari hii mbele ya Yoshua, wakikumbusha kwamba sehemu yao hawajapewa. Hata neno la Bwana lilihitaji mtu wa kulifuatilia.

Jibu lilikuja baada ya miezi saba. Jina lake lilikuwamo. Mengine yalifuata taratibu zake, na msimu uliofuata kamati ilimkubali. Barua yake ya udahili niliichapa mimi.

Hakuja kujisajili. Dirisha la usajili lilifunguliwa likafungwa. Nilipiga simu aliyoiandika kwenye fomu, haikupatikana. Labda alikosa ada. Ada ya uzamili ni mzigo hata kwa mwenye mshahara, seuze mtu wa kambini. Labda alihamishiwa nchi nyingine. Labda, nami huomba isiwe hivyo, ni habari mbaya zaidi. Mwenzangu aliniuliza kama sikujuta kupoteza miezi ile yote. Nilimwambia nisingependa Mungu aniulize lilikwenda wapi jalada la yule ndugu, nami nijibu kwamba nililifunga kwa kuwa fomu haikuwa na kisanduku chake.

Kuhusu kijana wa mama yule, hakuomba stashahada. Ana duka la vifaa vya umeme na linamlisha. Mama naye, siku moja ya Chakula cha Bwana, tulijikuta tumepiga magoti altareni bega kwa bega. Nadhani hakuniona mpaka alipokuwa amekwisha kushuka. Tulipokea mkate mmoja. Nje ya kanisa alinishika mkono akauliza hali ya watoto. Hatujalizungumza lile jambo tena, na undugu wetu haujarudi ulivyokuwa. Upo, lakini unachechemea. Nimejifunza kumshukuru Mungu hata kwa undugu unaochechemea.

Najua katika usharika huu wengi wetu tumekaa nyuma ya meza: hospitalini kwenye dirisha la kadi, ofisi ya kijiji, benki, mahakama, polisi. Na wote, kwa siku yetu, husimama mbele ya meza ya mtu mwingine tukiwa na bahasha mkononi. Katika waraka mrefu kwa Warumi, Tertio aliyeshika kalamu ana salamu moja tu, katika sura ya 16. Lakini waraka ulifika. Nanyi mnaposali kuombea wachungaji, madaktari na viongozi wa nchi, msiwasahau makarani. Mtuombee tusigeuze 6 kuwa 7, na tusifunge jalada la mtu kabla halijapandishwa juu.