Lamu ya Masika, Bei ya Maelewano

Masika yakishika, Lamu hubaki na wenyewe. Wageni wa Krismasi wameshaondoka, wa Agosti hawajafika, na kule Shela hoteli kadhaa hufunga milango kwa muda ili zipakwe chokaa na kuezekwa makuti mapya. Zinazobaki wazi zina vyumba vitupu, na chumba kisicholaliwa leo hakina wa kukinunua kesho. Mpishi analipwa vilevile, mlinzi naye analipwa. Kwa hiyo msafiri anayeamua Jumatatu na kuondoka Jumatano, ambaye Desemba angekamuliwa mpaka senti ya mwisho, mwezi Mei hupokewa kwa mikono miwili.

Tatizo ni kwamba wengi hukimbilia simu, wakalipia wiki nzima kwa picha ya bwawa la kuogelea. Mimi naona heri kulipia usiku wa kwanza tu, kisha uzunguke mji kwa miguu asubuhi. Bei ya mtandaoni ina kamisheni ndani yake. Kijana anayekupokea gatini, ukitoka Mokowe au uwanja wa ndege wa Manda, naye huwa na fungu lake akikufikisha kwa mwenye nyumba. Simlaumu, masika ni magumu kwake pia. Mlipe ujira wa kubeba mzigo, lakini mlango uchague mwenyewe.

Na mlango ndio wa kuanzia. Nyumba ya zamani ya Kiamu, na nyingi ni za tangu karne ya 18, ina daka lenye viti vya mawe huku na huku, pahali pa mgeni kusubiri kabla hajakaribishwa. Piga hodi, salimu kwa utulivu, uombe kuiona nyumba. Habari ya pesa isubiri kwanza. Ukishavuka daka utatokea kiwandani, ua ulio wazi juu, na mbele yake misana, vyumba virefu vyembamba vinavyofuatana kuelekea ndani kabisa. Wembamba huo umetokana na boriti za mikoko zinazobeba dari: mti ulipoishia, na ukuta ukasimama hapo. Kwenye chumba cha ndani tafuta zidaka, vile vishubaka vya lipu vilivyopangwa safu juu ya safu, ambamo zamani viliwekwa vyombo vya kaure. Chooni ulizia birika. Katika nyumba nyingine bado kuna samaki wadogo majini, wanaokula viluwiluwi vya mbu.

Mvua inaponyesha ndipo utajua kwa nini kuta za matumbawe na chokaa zilijengwa nene hivyo. Kiwanda kinapiga kelele za maji, nawe umejinyoosha kwenye kitanda cha samadari ndani ya msana, mkavu, bila feni. Msafiri wa Januari, aliyelipa ghali zaidi kwa chumba hichohicho, hajaonja raha hii.

Sisemi hakuna kero. Vyumba vya chini vina giza, mashuka hukauka kwa kusitasita, punda hulia saa wanayotaka wao, na pepo za kusi huichafua bahari hata safari nyingi za jahazi zikaahirishwa. Anayefuata ufuo peke yake angoje msimu.

Sasa bei. Ulizia ya mkazi wa Afrika Mashariki, kisha taja idadi ya usiku utakaolala, kwa maana usiku tatu hulegeza bei kuliko maneno mengi. Akikataa kushuka zaidi, omba chumba cha juu chenye upepo kwa bei ya cha chini, au chakula cha jioni kiingizwe humo. Wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa mpishi wa nyumba hushinda mikahawa mingi ya ufukweni. Lakini usimkamue mtu mpaka aone haya: mji huu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na ukarabati wa ukuta wa zamani una masharti yake na gharama zake.

Wakati wa Maulidi, tamasha la utamaduni la Novemba, na mwisho wa mwaka, usijaribu haya. Siku hizo hata dari la juu lina mwenyewe, na anayekuja bila kuweka nafasi hulala anapopata.